Kibindo cha simu

Jumanne moja ya Januari, saa mbili usiku, simu ilinipongeza. Ilitetema mfukoni, nikaitoa, nikakuta skrini nzima inamwagika vikaratasi vya rangi kama ukumbi wa harusi, na katikati tarakimu nene: hatua 19,640. Chini yake programu ikaniambia, kwa Kiingereza, kwamba nimevunja rekodi yangu na niendelee hivyo hivyo.

Siku hiyo sikuwa nimekwenda popote. Tangu saa moja asubuhi nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nashona sare za shule. Anayeijua Januari ya fundi nguo anaijua: mzazi ana kitambaa tangu Novemba, anakileta Jumapili jioni, mtoto anaitaka sare Jumatatu asubuhi, na lawama zote ni zako. Niliinuka kwa swala, kwa haja, na kunawa mikono wali ulipoletwa. Basi.

Ila cherehani yangu ni ya miguu. Mafundi wengi mtaani wameshafunga mota. Mimi bado nakanyaga, kwa sababu umeme ukikatika mteja haelewi, anataka suruali yake. Na simu huwa inakaa mfuko wa mbele, juu ya paja la kulia, ambalo ndilo linalofanya kazi. Kila nikikanyaga paja linapanda na kushuka, na kila likipanda na kushuka simu inaandika hatua. Kwa hesabu yake nilikuwa nimeshafika Pongwe, na kiti sijakiacha.

Nirudi nyuma kidogo. Oktoba walikuja watu wa afya mtaani kupima bure. Nilikwenda kumsindikiza shemeji yangu. Yeye akakutwa mzima. Mimi nikakutwa na presha, 152 juu, 96 chini. Muuguzi, binti wa umri wa wanangu, akaniamkia kwanza, shikamoo baba, kisha akauliza nafanya mazoezi gani. Nikajibu kifua mbele kwamba miguu yangu haipumziki, nakanyaga cherehani tangu asubuhi hadi usiku.

"Hiyo ni kazi, baba," akasema. "Mie nauliza mazoezi."

Nikaenda zahanati, nikapimwa tena siku mbili tofauti, presha ikawa pale pale. Nikaanzishiwa vidonge, muuguzi wa pale akaniambia chumvi nipunguze, na nitembee dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo ambao naweza kuongea lakini siwezi kuimba. Baadaye nilijua kwamba hesabu hiyo haikutoka kichwani mwake. Ni ya Shirika la Afya Duniani, na mwongozo wao wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu yake siku mbili za kuitumikisha misuli. Hilo la misuli muuguzi hakuligusia. Kama kuinua pasi ya mkaa kunahesabika, hapo sina deni.

Binti yangu wa pili, anayesoma Dodoma, alipokuja likizo ya Desemba ndiye aliyenipakulia programu ya kuhesabu hatua. "Baba," akasema, "wewe huamini kitu mpaka ukipime." Kweli. Miaka 30 futi haijanitoka shingoni.

Kwa hiyo baada ya zile hatua 19,640 za kwenye kiti nilifanya jambo ambalo fundi yeyote angefanya akishuku futi yake imevutika: nikaipima futi. Jumatano nikaiweka simu juu ya meza ya kukatia, nikawa naichukua tu ninapoinuka. Usiku nikaangalia. 2,118.

Niliitazama tarakimu ile muda mrefu kuliko nilivyoitazama ya jana yake. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kweli, na bila shaka ndiyo siku yangu ya kweli tangu nilipohama kwa marehemu mwalimu wangu wa ufundi na kufungua baraza hili. Mtu anayetembea hatua 2,118 ni mtu anayeishi kati ya kitanda, msikiti na kiti.

Nikampigia binti. Akanieleza kuwa ndani ya simu mna kidude kidogo kinachohisi mtikisiko, juu, chini, mbele na nyuma. Mtu akitembea, mtikisiko unakuwa na mdundo wake, karibu midundo miwili kwa sekunde, na kazi ya programu ni kuuvizia mdundo huo na kuuhesabu. Barabara haiioni. Mguu haiujui. Zile zilizotengenezwa vizuri hujaribu kuchuja mitikisiko ya uongo, ila hii yangu ya bure, iliyojaa matangazo ya kubeti, ilikuwa inabeba chochote. Sishangai tena kwamba muuza chipsi wa pembeni, aliyeweka programu hiyo hiyo baada ya kuniona mimi, alikuwa ananipita kila siku. Simu anaitia mfuko wa shati, halafu anatikisa kikaango.

Kilichoniuma zaidi ni baiskeli. Tanga tunaipenda baiskeli kuliko miji mingi ya pwani, na mimi nguo za wateja wa Makorora nawapelekea kwa baiskeli. Simu naiweka kwenye kikapu cha mbele. Nikirudi jasho limenilowesha mgongo, programu inasema hatua 40. Kwa hiyo kanyaga la kukaa linalipwa, kanyaga la kutoka jasho halilipwi! Binti akacheka, akanielekeza niitoe ile niweke programu ya Google Fit, kwa kuwa hiyo haitazami hatua peke yake. Tangu 2018 inatoa pointi 1 kwa kila dakika ya mwendo wa haraka na pointi 2 kwa kila dakika ya mazoezi makali, baiskeli nayo unaweza kuiandikisha, na inavyopima wiki yako inaangalia kama umefika pointi 150. Yaani ni zile dakika 150 za muuguzi. Hapo nikaanza kuielewa.

Lakini bado nilikuwa na hatua 10,000 kichwani, maana kila mtu mwenye simu anazitaja. Nikataka kujua nani alizikata. Kumbe ni biashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kifaa cha kuvaa kiunoni cha kuhesabu hatua, ikakiita manpo-kei: man ni elfu kumi, po ni hatua, kei ni kipimo. Jina lilikaa vizuri mdomoni na tarakimu ikasafiri kuliko kifaa chenyewe.

Mimi nguo za dukani nazijua. Zinakatwa kwa mtu ambaye hayupo, kisha kila aliyepo anaambiwa ajibane humo. Aliyepwaya anaona kakonda, aliyebanwa anaona kanenepa, kumbe kosa ni la saizi. Elfu kumi ni saizi ya dukani. Mwaka 2019 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa wanawake karibu 17,000, wastani wa umri wao miaka 72. Waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache zaidi kuliko wale wa 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Binti aliponisomea hayo kwenye simu nilinyamaza. Wa 2,700 walikuwa vikongwe, na bado walikuwa wananizidi mimi wa miaka 53.

Nikajikatia ya kwangu. Watafiti husema hatua kama 100 kwa dakika ni mwendo wa wastani kwa mtu mzima. Dakika 30 zinatoa hatua 3,000. Mara siku tano, dakika 150. Kwa hiyo 2,118 zangu za kukaa ziko palepale, nazishonea 3,000 za kutembea kweli, jumla 5,000 na ushei. Hazina shangwe ya elfu kumi, ila zinanikaa.

Hapa naomba nitoe siri ya kazi. Nina daftari la vipimo tangu 1996, yale marefu yenye gamba gumu, sasa ni la tisa. Mteja akirudi namfungua ukurasa wake. Yupo mwalimu mmoja, 1998 kiuno inchi 31. Mwaka 2005 inchi 34. Mwaka 2016 inchi 40. Safari hii 43. Urefu wa suruali ni inchi 41 tangu mwanzo, maana mifupa haidanganyi. Watu wanadhani fundi anawajua kwa nyuso. Mimi nawajua kwa viuno, na viuno vya Ngamiani nimevishuhudia vikifunguka kama mwamvuli. Ndiyo maana suruali zote za wanaume waliopita miaka 35 naziachia kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma bila kuwaambia. Wanarudi baada ya mwaka, wanaona haya, nafumua, naachia, nashona, hakuna maswali.

Ukurasa wangu mwenyewe sikuwa nao. Fundi hajipimi. Mwezi Januari nikamwita kijana wangu wa kazi akanizungushia futi. Inchi 40 na nusu. Nikamwambia aandike, akaandika na jina, kama mteja.

Basi nikaanza kutembea. Nikishaswali alfajiri natoka Ngamiani, navuka reli, napita mjini maduka yakiwa yamefungwa na kunguru ndio wenye mji, naishika Barabara ya Hospitali, napita Bombo penye lile jengo kongwe la Wajerumani, hadi nione maji upande wa Raskazone na kisiwa cha Toten kimelala kwenye ghuba. Kisha narudi. Siku za mwanzo nilikuwa nikihesabu hatua kwa mdomo, mia moja kwa dakika, na nikagundua jambo la ajabu: mwendo wenyewe ni wa kukanyaga cherehani ukiwa na oda chache. Sio mbio. Ni ule mwendo wa kushona pindo refu la kanzu ukiwa huna haraka. Tangu hapo sihesabu, nashona pindo tu.

Wiki ya kwanza, pointi 96. Ya pili, 131. Ya tatu nikafika 150, simu ikazungusha duara lake likafunga, nami nikajikuta natabasamu peke yangu barabarani kama mwehu. Nakiri. Mzima wa miaka 53 alifurahishwa na duara.

Kisha ikaingia Ramadhani, na kwa fundi Ramadhani maana yake ni Idi. Makanzu, magauni ya watoto, mashati ya baba na watoto wa kiume wa kitambaa kimoja, yote yanatakiwa usiku wa mwandamo. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani baada ya tarawehe hadi daku. Kutembea kukafa. Programu ikawa inaniletea vijumbe: umekosekana, inuka kidogo, jana ulikuwa umebakiza kidogo tu. Kijumbe kimoja kilikuja saa kumi jioni nikiwa na kiu, na kanzu kumi na saba mbele yangu. Nikazizima arifa zote, na kama si binti kunisihi ningeifuta kabisa. Simu haijui mfungo wala Idi. Inajua jana na leo.

Nilidhani ni udhaifu wangu, mpaka nikasoma habari ya ule mchezo wa Pokémon Go wa 2016, uliowatoa watu nje kukimbiza vinyama kwenye simu. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Marekani waliokuwa wakiucheza. Wiki ya kwanza waliongeza hatua 955 kwa siku kwa wastani. Kufika wiki ya sita walikuwa wamerudi walikotoka. Vijana, na mchezo mtamu kuliko vijumbe vyangu vyote. Mimi nilidumu wiki tano na nusu.

Hapo hadithi ingeishia, na nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mke wangu naye alikuwa na programu. Binti alimwekea siku moja na mimi, na hakuna aliyemuuliza chochote tangu hapo. Baada ya Idi, tumekaa uani, akanipa simu yake.

"Fundi," huniita hivyo akiwa na kesi, "niangalizie hii. Inasema leo nimetembea hatua 310. Maandazi yalijipika? Sokoni nilipepea?"

Nikaangalia. Siku zote zilikuwa hivyo: 280, 450, 310. Na mtu huyu anaamka kabla yangu, anakanda, anachoma, anapeleka maandazi kwenye vibanda vitatu, anarudi, anakwenda soko la Mgandini, anarudi, anapika, anamzungukia mama yake mgonjwa mtaa wa tatu. Simu ilikuwa wapi? Juu ya kabati, inachaji. Akitoka anaitia kwenye kipochi, na kipochi anakiacha kwenye kiti cha kwanza anachofika.

"Kwa nini hutembei nayo mwilini?"

"Niitie wapi?" Akasimama, akanyoosha mikono yote miwili, dera likamzunguka kama pazia. "Nionyeshe mfuko."

Wallahi niliona aibu ya kazi. Dera lile nimelishona mimi. Miaka 30 suruali ya mwanamume naitilia mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, na kile kidogo cha sarafu ambacho hakuna anayekitumia. Dera, hakuna. Baibui, hakuna. Gauni, wakiuliza nilikuwa nawajibu kwamba mfuko utaharibu mkato. Na hao waliotengeneza programu huko kwao nao, naona, walimfikiria mtu mwenye suruali. Simu yenyewe ilikuwa tayari kumhesabu. Fundi ndiye aliyekuwa hajampa pa kuiweka.

Mfuko wa kwanza niliutia kwenye mshono wa ubavuni, kama wa suruali. Haukudumu hata siku. Kitambaa cha dera ni chepesi, simu ina karibu gramu 200, na dera halina kiuno cha kulishika. Lote likavutwa kulia, shingo ikatelemka, bega nje. Alirudi kutoka sokoni amelishika kwa mkono mmoja na kapu kwa mkono mwingine, na hakusema kitu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Wa pili niliuweka kwa ndani, kifuani, nikijua kuwa wanawake wengi simu huziweka huko huko hata bila mfuko. Ukawa unamtoa jasho, simu inatoka imelowa, na kuitoa mbele ya muuza samaki ni mtihani.

Wa tatu ulinijia usiku nikimkumbuka bibi yangu mzaa mama. Bibi hakuwa na mfuko maisha yake yote na hakupoteza hata senti. Alikuwa na kibindo: kanga inafungwa kiunoni, upindo wake unasokotwa ndani, na humo mna hela, ufunguo, na peremende yetu tukiwa na adabu. Mzigo haukubebwa na nguo, ulibebwa na kiuno. Nikawasha taa.

Kwa mafundi wenzangu, hivi ndivyo nilivyofanya. Ukanda wa popolini upana wa inchi 2, unavaliwa kiunoni ndani ya dera, vifungo viwili vya kuongeza na kupunguza. Kwenye ukanda, upande wa nyonga, kifuko cha inchi 4 kwa 7 na nusu chenye mfuniko, maana mwanamke huinama mara nyingi kwa siku kuliko sisi. Kisha kwenye mshono wa ubavuni wa dera unafumua inchi 6, usawa wa mkono, unapinda kingo na kukaza ncha zote mbili kwa kurudia mshono mara tatu, zisije kuchanika. Mkono unapita kwenye upenyo unaikuta simu. Dera halibebi kitu. Kwa nje huoni kitu. Kwa baibui fanya hivyo hivyo, ila upenyo usogeze nyuma kidogo ya mshono ufichwe na mkunjo.

Siku ya kwanza ya kibindo alirudi jioni akakaa mbele yangu, akaitoa simu taratibu kama mtu anayelipa deni hadharani. 11,380.

Mimi siku hiyo nilikuwa na 4,900, na nilikuwa nimejisifia.

Ila pointi zake za dakika zilikuwa 9 tu. Tulikaa tukajadili hilo hadi chai ikapoa. Hatua zake ni nyingi lakini zimekatika vipande vipande, jikoni, uani, kibandani, hakuna hata kipande cha kumharakisha pumzi. Yeye alikuwa na kitambaa kingi bila mshono, mimi nilikuwa na mshono bila kitambaa. Akaamua mwenyewe: jioni, baada ya alasiri, yeye na jirani zetu wawili watatoka kwa mwendo wa haraka dakika 30. Wakaanza. Kufika siku ya tatu jirani mmoja akaja barazani na madera mawili mkononi. "Fundi, nitie kibindo kama cha mkeo." Wiki iliyofuata wakaja wanne.

Natoza shilingi 5,000, ukanda na upenyo pamoja. Hadi Ijumaa iliyopita vimetoka 31. Nimevishona kwa madera, mabaibui, na sare ya mhudumu mmoja wa duka la dawa. Wanaokuja si wote wana programu ya hatua. Wengine wanataka tu mikono yao iwe huru. Lakini wengi siku hizi jioni nawaona wakipita, mikono inapepea, na jirani wa kwanza ndiye kiongozi wa kundi lao la WhatsApp ambako kila mmoja anatupia skrinishoti baada ya isha. Mume haruhusiwi humo. Nimeomba.

Mteja mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza swali zuri: hii programu si itawaonyesha watu nyumbani kwangu? Nilimwambia ukweli ninaoujua. Mwaka 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia ya njia ambazo watumiaji wake hukimbilia, na miezi michache baadaye watu wakagundua kwamba kambi za jeshi zilikuwa zinang'aa jangwani, kwa sababu askari walikuwa wakifanya mazoezi na vifaa vyao. Kama askari walisahau, na sisi tunaweza. Lakini kuhesabu hatua hakuhitaji ramani. Nilimzimia ruhusa ya mahali, nikakataa ya majina ya simu, hatua zikaendelea kuhesabika kama kawaida, na chaji ikadumu zaidi. Akaniombea dua, akaomba na punguzo.

Yupo mmoja ambaye kibindo hakimhusu. Mzee wa kahawa anayezunguka mitaa yetu na dele lake, vikombe vinagongana mkononi unamsikia kabla hujamwona. Simu yake ni ya tochi. Siku moja nilimwomba abebe yangu kwenye mfuko wa koti kuanzia alasiri hadi aliporudi usiku. Ilikuwa imeandika 16,200, kwa nusu siku. Nikamwonyesha, nikamweleza, nikamwambia babu, hapa Ngamiani hakuna anayekufikia. Akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akanirudishia.

"Zinauzwa wapi?" akauliza.

Nikamlipa kahawa zangu mbili na ya kijana.

Presha yangu mwezi huu ilikuwa 136 kwa 86. Vidonge bado nameza, chumvi nimepunguza, natembea, kwa hiyo sijui nani kati yao wa kumshukuru, nawashukuru wote. Kiuno, kijana aliandika 39 na nusu, nami nikamwambia apime tena, akapima, akaandika vilevile. Suruali niliyovaa leo nimeifumua nyuma nikaikaza. Kitambaa cha akiba sikukikata, nimekikunjia humo humo.

Jana jioni nilikuwa nafunga, akaja dada mmoja wa mtaa wa pili, mwili wa wastani, dera jipya la maua ya zambarau. Ameanza kutembea na kundi wiki hii, wanafika Raskazone na kurudi. Alitaka kibindo, ila kiwe na vifuko viwili. Nikamuuliza, una simu mbili?

"Moja," akasema. "Cha pili nitatia nauli ya bajaji, nikichokea Bombo."

Nimempa kushoto.